Waliobaki na Meli

Siku ya tisa tangu meli inaswe kwenye barafu, watu wa mtaa wa Chanji, mjini Sumbawanga, walikuwa wameshaacha kumwita Wilibrodi kwa jina lake. Walimwita Baba Barafu, naye aliitika. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi baiskeli tu, mtu wa kuziba pancha na kunyoosha ringi chini ya mabati matatu kando ya barabara, na hakuna aliyesimama bandani kwake isipokuwa baiskeli yake imeharibika. Sasa walisimama na baiskeli nzima.

Aliyeleta yote hayo ni Christopha, mtoto wake wa pekee, na hakuwa amefanya zaidi ya kuosha sufuria. Alianzia Kipili, kwenye boti za mizigo za Ziwa Tanganyika, akiwasongea mabaharia ugali. Kutoka Kipili akaenda Dar es Salaam, akapata meli, na miaka mitatu iliyopita akaandika kutoka Cape Town kwamba amepata kazi ya msaidizi wa jikoni kwenye meli ya utafiti iitwayo Meridian. Meli hiyo ilibeba wanasayansi kwenda chini kabisa ya dunia, Antaktika, kupima barafu. Siku mbili baada ya Krismasi upepo uligeuka. Barafu ikaja kwa nyuma, ikaizingira meli kila upande, na meli ikasimama pale kama gogo lililokwama kwenye tope la mto uliokauka.

Ndani ya meli mlikuwa na waandishi wa habari. Kwa hiyo dunia nzima ilijua. Kila siku walituma picha: watu waliovaa makoti mekundu wakiimba juu ya barafu, ndege wale wasioruka wakiwatazama, nahodha akionyesha kwa kidole mahali ambapo jana palikuwa na maji. Redio ya mjini Sumbawanga ilikuwa na mtangazaji aitwaye Loth, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, ambaye kazi yake ilikuwa kuzitafuta habari za dunia kwenye mtandao na kuzitia Kiswahili. Aliposikia parokiani kwamba kuna kijana wa Chanji ndani ya meli ile, hakulala na habari hiyo. Akaanzisha kipindi, "Mwana wa Ufipa Barafuni," kila siku saa saba na robo mchana, mara tu baada ya matangazo ya vifo na ya vitu vilivyopotea.

Saa saba mchana banda lilijaa. Wilibrodi alikuwa ametundika ukurasa wa atlasi kwenye nguzo, akapazungushia wino mwekundu mahali meli ilipo, na aliwaeleza watu kwa bisibisi mkononi kwamba kule jua halizami mwezi huu, na kwamba barafu ya bahari si ile ya kwenye friji, ina unene wa kumzidi mtu kimo.

"Mtani," alisema Mboje siku hiyo. Mboje alikuwa Msukuma mwenye ng'ombe wengi huko bondeni, aliyepanda mjini kila wiki na baiskeli iliyochoka kuliko yeye. "Ninyi Wafipa si ndio wenye radi? Mmeshindwa kutuma hata moja ikaipasue hiyo barafu?"

"Radi zetu zina kazi maalumu," Wilibrodi alijibu bila kuinua kichwa. "Zinawafuata wanaolisha ng'ombe kwenye mahindi ya watu. Sogea mbali na hilo bati."

Watu walicheka mpaka wakakosa mwanzo wa kipindi. Wilibrodi naye alicheka. Ukimwuliza leo, atakwambia hizo ndizo siku alizozifurahia kuliko zote maishani mwake, na hataki kuzikumbuka hata moja.

Dominika, mkewe, hakuwahi kwenda bandani kusikiliza. Alibaki nyumbani akipalilia kiwanja cha mahindi, na Wilibrodi alipomletea habari aliuliza maswali yaleyale.

"Anakula?"

"Yeye ndiye anayepika, Mama Christopha. Atakosaje kula?"

"Amevaa nini miguuni?"

"Mabuti."

"Wewe umeyaona?"

Juu ya meko yake, kwenye kamba, kilining'inia kibuyu kilichozibwa kwa gunzi la muhindi. Kwao Dominika, mtu wa nyumbani akienda mbali, mama huchukua ulezi wa mavuno ya mwaka ule, hujaza kibuyu na kukitundika mahali moshi unapofika. Ulezi ule hausagwi wala haupandwi. Hukaa hata miaka kumi, maana ulezi hauozi wala haubunguliwi. Siku aliyekwenda anapoingia mlangoni kwa miguu yake, ndipo kibuyu kinateremshwa na kupikwa pombe ya kumpokea. Kibuyu cha Christopha kilikuwa na miaka mitatu, kimekuwa cheusi na kinang'aa.

Loth alikiona siku alipokuja nyumbani kufanya mahojiano. Akasogeza kinasa sauti. "Mzee, hiki nacho ni nini?"

Wilibrodi akamweleza, naye akaona jinsi macho ya mtangazaji yalivyowaka. Kuona vile kukampandisha kichwa. Akajikohoza, akasema kwa sauti aliyoitunza kwa masomo ya kanisani: "Nawatangazia wananchi wote wa mkoa wa Rukwa. Siku mwanangu atakapotoka kwenye barafu, ulezi huu utasagwa, na ninyi nyote mnakaribishwa."

Loth alipoondoka, Dominika alikuwa bado ameshika ufagio.

"Akiingia mlangoni," alisema. "Si akitoka kwenye barafu."

"Ni namna ya kusema tu. Redioni watu husema hivyo."

"Kibuyu si cha redio, Baba Christopha."

Siku ya kumi na moja, Alhamisi, mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba walilazimika kulaza masikio juu ya redio. Loth hakusalimia wasikilizaji kama kawaida. Alipiga kelele. Helikopta ilikuwa imetua kando ya Meridian, imekwenda na kurudi mara tano, na imewahamishia watu kwenye meli nyingine, meli kubwa ya kuvunja barafu. Watu wote hamsini na wawili wa msafara ule wameokolewa, hakuna hata mmoja aliyeumia. Walikuwa wakinywa chai ya moto saa hiyohiyo. "Mwana wa Ufipa," Loth alisema, na sauti ikamkatika kweli, "ametoka barafuni!"

Mboje alimbeba Wilibrodi begani, mzee mzima, akamzungusha kwenye mvua. Dereva wa lori akapiga honi mpaka akachoka. Wanawake wa genge la jirani wakapiga vigelegele. Wilibrodi alilia mbele za watu bila kuficha uso, na alipoteremshwa chini alikuwa ameshatangaza, hata hajui kwa kinywa gani, kwamba Jumapili ya wiki ijayo itakuwa misa ya shukrani na pombe ya ulezi uwanjani kwake.

Dominika aliisikia habari mlangoni, akiwa na tope mikononi. Akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akainuka.

"Amepiga simu?"

"Yuko kwenye meli nyingine, katikati ya bahari. Simu atapiga wakifika bandarini. Loth anasema ni wiki mbili au tatu."

"Basi tusubiri wiki tatu."

"Mama Christopha, nimeshatangaza."

"Tangaza tena. Sema nitanunua ulezi sokoni, nitapika pombe ya shukrani, watu wanywe washibe. Hiki kibaki."

Hapo ndipo Wilibrodi angeweza kukubali, na asingepungukiwa na kitu. Pombe ni pombe. Nani angeonja na kujua ulezi ule ulitoka kibuyu gani? Lakini mkoa mzima ulisikia habari za kibuyu. Watu walimwuliza njiani kitateremshwa lini. Loth alisema atapiga picha za video kikifunguliwa. Wilibrodi alimtazama mkewe, akaona mtu anayetaka kumwaibisha.

"Unataka asirudi?" alimwuliza.

Ni neno ambalo mtu akishalitoa halirudishiki. Kesho yake asubuhi kibuyu kilikuwa mezani, kimeshafunguliwa, na gunzi limewekwa kando. Loth alipofika na simu yake, Wilibrodi alikishika na kuumimina ulezi kwenye ungo kana kwamba ndiyo kwanza anakifungua. Ukachanganywa na mwingine wa sokoni ili utoshe, ukalowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa.

Misa ilijaa. Padri alihubiri juu ya Yona aliyetapikwa nchi kavu, na kwaya ikaimba mpaka vioo vikatetema. Baada ya misa Wilibrodi alisimama kwenye ngazi za kanisa akiwa na koti lake la harusi, na ngoma zilipoanza akacheza. Alicheza vizuri, hakuna aliyejua kwamba fundi baiskeli anaweza kucheza hivyo. Loth alimfuata na simu kutoka ngazi ya juu mpaka ya chini. Nyuma yao, pembeni mwa mlango, Dominika alikuwa amesimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Video ile ilitazamwa Sumbawanga, ikatazamwa Mbeya, ikafika Dar es Salaam, na kutoka hapo hakuna aliyejua ilikoenda.

Ilifika kule ilikofika.

Jumanne, saa tano asubuhi, simu ya Wilibrodi ililia ndani ya mfuko wa bwelasuti yake ya kazi. Alikuwa na mnyororo mkononi. Alifuta vidole, akavaa miwani, akasoma.

"Shikamoo baba. Mtandao unapatikana kidogo sana, naandika haraka. Tumeona video. Helikopta imewachukua wanasayansi na waandishi na wageni. Sisi wafanyakazi tuko ishirini na mmoja, tumebaki na meli, meli haiachwi. Jikoni tuko wawili, mpishi na mimi. Meli imelala upande, sufuria hazikai motoni. Mafuta tunayapima, chumba kimoja tu ndicho chenye joto. Ile meli kubwa imeshaondoka. Baba umecheza vizuri. Mama nimemwona hachezi. Mwambie shikamoo. Waambie watu bado tuko huku."

Aliisoma mara ya pili, na mara ya tatu akiwa ameketi juu ya boksi la vifaa. Mteja aliyekuwa anasubiri mnyororo wake aliuliza kama kuna msiba. Wilibrodi akasema hapana. Akafunga banda saa tano asubuhi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akatembea mpaka kituo cha redio.

Alimkuta Loth nje, anakula muhindi wa kuchoma. Kijana alipouona uso wa mzee alisimama wima.

"Shikamoo mzee."

Wilibrodi hakuitikia. Alimpa simu. Loth akasoma, na alipomaliza hakuonyesha kushangaa. Hilo Wilibrodi aliliona kabla ya kitu kingine chochote.

"Ulijua."

"Mzee, tukae kwanza."

"Ulijua lini?"

Loth alitazama muhindi wake kana kwamba ulikuwa na jibu. "Jumamosi. Siku moja kabla ya misa." Akaingia ndani, akarudi na karatasi mbili zilizobanwa pamoja. "Habari ile ya Alhamisi niliisoma ukurasa wa kwanza tu. Kipindi kilikuwa kinaanza, watu wanangoja. Jumamosi nikairudia nitafute kitu cha kusema kanisani. Ndipo nikaona aya ya mwisho."

Aliionyesha ile aya kwa kidole na kuitia Kiswahili polepole. Wafanyakazi wa meli, ishirini na mmoja, wanabaki kuilinda meli mpaka barafu itakapofunguka. Mistari miwili. Chini yake palikuwa na tangazo la makoti ya baridi.

"Misa ilishapangwa, mzee. Kwaya imeshafanya mazoezi. Pombe imeshachacha. Nilisema moyoni, nimharibie mzee wa watu furaha yake? Labda barafu itafunguka kesho yake, na hakuna atakayejua."

"Ulinitazama nikicheza."

Loth alizikunja zile karatasi mbili.

"Basi sema leo. Saa saba na robo. Sema wako huko bado."

Loth aliingia kwa mkuu wa kituo, na Wilibrodi kupitia dirishani alisikia sauti mbili, moja ikibembeleza na moja ikicheka kidogo bila ubaya. Loth alitoka akiwa amepungua.

"Anasema kipindi kimefungwa. Anasema tukisema leo kwamba hawajaokolewa, watu watauliza misa ilikuwa ya nini, na sisi tulirusha misa. Na hata huko duniani hakuna anayeandika tena. Nimetafuta, mzee, naapa. Waandishi waliondoka na helikopta. Hakuna anayepiga picha. Habari imepoa."

"Watu ishirini na mmoja wamo ndani ya barafu, halafu habari imepoa?"

"Ndivyo tunavyosema kazini."

Wilibrodi alikaa kwenye benchi la wageni. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba kitu kilichopinda hunyooshwa pale kilipopinda, si mahali pengine. Kilipindia redioni. Mbele yake, ukutani, palikuwa na sanduku la mbao lenye mdomo, la kutumbukiza matangazo ya vifo, ya vitambulisho vilivyookotwa na ya mifugo iliyopotea.

"Haya nayo," aliuliza, "mkuu anayasoma kabla?"

Loth alitazama sanduku, akamtazama mzee. "Hapana. Yanaletwa, yanasomwa kama yalivyo."

Siku hiyo saa saba kamili wasikilizaji wa Rukwa walisikia kwamba ndugu Urbano amefiwa na mama yake, na maziko ni kesho. Walisikia kwamba Mboje wa bondeni amepotelewa na maksai wawili, mmoja ana baka jeupe begani, atakayewaona atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji. Kisha walisikia karatasi ikikunjuliwa, na sauti ambayo haikuwa ya mtangazaji.

"Mimi Wilibrodi, fundi baiskeli wa Chanji, natangaza kwamba mwanangu Christopha hajaonekana. Nilisema ameokolewa. Hakuokolewa. Waliookolewa ni wengine. Yeye na wenzake ishirini wamebaki ndani ya meli, na meli imelala ubavu. Nilishukuru kabla sijajua ninachoshukuru. Naomba mliokunywa pombe yangu, mnisaidie kumwombea."

Alirudi Chanji kwa miguu. Alitegemea nini? Labda watu wangejaa bandani kama zamani. Hawakujaa. Walipita wakisalimia kwa upole wa watu wanaopita nyumba yenye mgonjwa. Mtu akizoea kufurahi nawe, hajui akufanyie nini ukimwambia furaha ile haikuwepo. Wengine walisema mzee ameonja sifa, sasa zimeisha, anazitafuta kwa mlango wa nyuma. Jina la Baba Barafu lilikufa wiki ile.

Aliyekuja ni Mboje. Alikuja kila siku, maksai wake wakiwa bado hawajaonekana, akaketi juu ya tairi.

"Wangu wawili, wako mmoja," alisema siku ya kwanza, kisha akaona kwamba utani ule haukutembea. Siku zilizofuata hakutania kabisa.

Jioni Wilibrodi aliandika: "Mwanangu, nimesema redioni. Wamesikia." Kando ya maneno yale ilitokea alama moja ya kijivu. Alama ya pili, ile inayoonyesha kwamba ujumbe umefika, haikutokea. Aliitazama asubuhi, akaitazama mchana, na Dominika, ambaye hakuwahi kuijua simu, alijifunza naye kuitazama.

Hakumlaumu mumewe. Angemlaumu, nyumba ingekuwa na kelele, na kelele ingesaidia. Alipalilia mahindi, akarudi, akapika, akaketi upande wa pili wa moto, na juu ya meko kamba ilining'inia bila kitu.

Siku ya kumi na mbili baada ya ule ujumbe, Loth alikuja nyumbani mchana, saa nane. Alikuja kwa miguu, bila kinasa sauti wala begi. Alikuwa ameshika karatasi moja. Wilibrodi alikuwa anatengeneza mpini wa jembe, Dominika anapepeta.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Soma," Wilibrodi alisema.

"Tuingie ndani, mzee."

"Soma hapahapa. Soma mpaka mwisho."

Loth alisoma amesimama. Upepo umegeuka, barafu imepasuka yenyewe, na meli ya utafiti Meridian imejinasua baada ya zaidi ya mwezi mmoja, sasa iko safarini kuelekea kaskazini. Wamiliki wa meli wamefurahi. Wanasayansi, walioko nyumbani kwao tayari, wametuma pongezi. Vipimo vyao vyote viko salama. Hapo aliishusha karatasi.

"Mpaka mwisho," alisema Dominika.

"Wakati barafu ilipofunguka, baadhi ya wafanyakazi walikuwa wameshuka nje, wanapasua barafu kuzunguka usukani ulio nyuma ya meli. Mmoja wao, msaidizi wa jikoni, aliteleza kati ya barafu na meli. Hakupatikana."

Kuku waliendelea kuparura uwanjani.

"Hawakuandika jina?" Dominika aliuliza.

"Hawakuandika, mama."

"Jikoni walikuwa wawili," alisema polepole, kama anayehesabu watoto njiani. "Mpishi, na yeye."

Saa kumi jioni simu ililia, namba ndefu ya nje. Mtu wa kampuni alizungumza Kiingereza, na Loth, aliyekuwa hajathubutu kuondoka, alipokea na kusikiliza na kusema ndiyo, ndiyo. Baada ya hapo hakukuwa na cha kutafsiri.

Watu walipoanza kukusanyika nje, Wilibrodi aliingia jikoni. Alikuwa ameshika ile kamba iliyokuwa tupu.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemwaga ulezi wake."

Dominika alikuwa ameketi sakafuni, kanga imefungwa kiunoni. Alinyoosha mkono nyuma ya mtungi wa maji, akatoa kifundo cha kitambaa, akakifungua. Ulezi, konzi mbili, mwekundu uliokolea.

"Nilitoa huu kabla sijakupa kibuyu," alisema. "Kwa hiyo si ulezi wako uliomuua. Usijipe ukubwa, Baba Christopha. Ni barafu."

Wilibrodi alikuwa amejiandaa kubeba kosa lile lote, na hata hilo alinyang'anywa. Kilichobaki ni kitu kidogo tu kisicho na msamaha wala adhabu: alicheza, na mwanawe alimwona akicheza.

"Tuupande," alisema mwishowe. "Karibu na mlango."

"Huu ulikuwa wa kurudi kwake. Harudi mtu." Dominika aliinuka kwa kushika ukuta, akatoka nje, akapita katikati ya waombolezaji bila kumtazama yeyote, na kuufungua mkono. Kuku wote wakaukimbilia ulezi.

Usiku ule nyumba ilijaa watu wa kukesha, na asubuhi Wilibrodi aliomba karatasi. Loth alisema mkuu wa kituo ameamua kipindi kirudi, kirefu, nusu saa, na Mbeya nao wameomba kukirusha. Kama mzee atakubali kuzungumza kidogo tu. Alisema hivyo kwa sababu alitumwa, huku ametazama chini.

"Hapana," Wilibrodi alisema. "Hii itumbukize kwenye sanduku."

Saa saba mchana Mboje alikuwa uwanjani amewasha redio, ameiweka juu ya kigoda. Maksai wake walikuwa wamepatikana jana yake, wote wawili, na alikuwa hajamwambia mtu. Sauti ya Loth ilikuja bila ukubwa wake wa kawaida.

"Ndugu Wilibrodi na mkewe Dominika wa Chanji wanasikitika kutangaza kifo cha mtoto wao Christopha, msaidizi wa jikoni wa meli Meridian, kilichotokea kwenye bahari ya barafu. Mwili haukupatikana, kwa hiyo hakuna maziko. Misa itasomwa Jumamosi. Hakutakuwa na pombe."

Loth alinyamaza, na waliokuwa uwanjani wakadhani amemaliza. Mmoja alinyoosha mkono kupunguza sauti. Wilibrodi akamzuia. Mstari mmoja ulikuwa umebaki. Aliuandika mwenyewe, na alitaka kuona kama utasomwa.

"Habari ya kwanza, ya kwamba ameokolewa, haikuwa ya kweli," Loth alisoma. "Aliitangaza baba yake."